Namna ya kusikiliza bendi ukiwa Mwanza

Nashona nguo Kirumba, na wateja wangu wanajua kwamba siku yenye bendi nafunga mapema. Kinachowashangaza ni kwamba nikifika huko sichezi. Naenda kusikiliza. Wanaotaka kunifuata huwa nawaelekeza hivi.

Kwanza hakikisha kama watapiga laivu, maana bango halisemi. Msanii anaweza kupanda jukwaani akaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, watu wakapiga mayowe, na kiingilio chako ndiyo kimeshaliwa. Pita ukumbini saa kumi jioni. Ukikuta dramu zinafungwa, nyaya zimetandazwa, na mpiga gitaa anarudiarudia kipande kilekile huku fundi mitambo akimpigia kelele apunguze, lipa. Ukikuta meza na kompyuta tu, nenda zako kale sato.

Halafu mahali pa kusimama. Vijana hukimbilia chini ya spika, wanarudi nyumbani masikio yanalia. Besi husambaa kila upande na kulundikana kwenye kuta na kona, wakati sauti nyembamba, kama za matoazi, huenda zaidi kule spika inakoelekea. Ndiyo maana aliyekaa kona husikia mtikisiko tu na kulalamika kwamba bendi mbovu. Mimi namtafuta fundi mitambo, nasimama nyuma yake. Anarekebisha kwa masikio yake, basi nami nataka kusikia anachosikia yeye. Uwanja wa CCM Kirumba una shida zake: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukiwa mita 100 kutoka jukwaani unaona kijiti cha dramu kimeshashuka ndipo mlio unafika. Sogea. Na ukisogea sana, vaa vizibo vya sponji. Pamba haisaidii kitu.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Usijaribu kuisikia bendi nzima kwa mkupuo. Chagua mtu mmoja. Wimbo wa dansi huanza taratibu, waimbaji wakisimulia kisa chao, na hapo mimi namfuata mpiga besi, mkono wake wa kushoto. Ukishaushika mwendo wake, hamia kwenye tumba, kisha gitaa la solo. Beti zikikaribia kuisha, acha kumtazama mwimbaji. Tazama macho ya mpiga dramu. Anamwangalia mpiga solo, solo inatupa kipande kifupi, dramu inakata, chemko hilo, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Ukiiona ile ishara kabla ya wenzako, raha yake huwezi kumweleza mtu.

Mpiga solo wa kweli namjua hata kabla hajapiga, kwa shati. Huchakaa tumboni, pale mgongo wa gitaa unaposugua, na bega la kushoto linalobeba mkanda. Shati likiwa jipya kabisa, nasubiri nisikie.

Ukibahatika kupata bendi ya benga, ule muziki wa magitaa wa Wajaluo, geuza utaratibu: anza na solo, kwa sababu hujibizana na mwimbaji karibu kila mstari, na besi nayo haikai nyuma, inarukaruka. Daniel Owino Misiani, aliyevuma Kenya na Shirati Jazz, alizaliwa upande wetu huu wa ziwa, Shirati. Basi msituambie benga ni ya majirani peke yao.

Na usidhani muziki wa laivu ni lazima uwe na umeme. Nenda Bujora, Kisesa, kwenye Bulabo, sherehe inayoendana na sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi Juni. Bagalu na Bagika, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, hushindana kwa ngoma wakati mmoja, kila upande ukivuta watu kwake, na wingi wa watazamaji ndio unaoamua. Simama kwanza katikati, mahali ngoma zote mbili zinapokufikia sawasawa. Ni vurugu. Vumilia kidogo, sikio litazitenganisha lenyewe. Ndipo uchague upande, ukijua kwamba ukisogea umeshapiga kura.

Simu iweke mfukoni. Nyimbo mbili rekodi kama lazima, basi.

Limebaki la kutuza. Hela ichenji mapema, maana ukumbini kila mtu anatafuta noti ndogo. Usipande katikati ya solo, ngoja apumzike. Watu humkimbilia mwimbaji, mimi humtuza mpiga besi, kwa sababu wengi humsahau. Tatizo mikono yake yote miwili ina kazi, na kubandikwa noti kwenye paji la uso lenye jasho si kila mtu anapenda. Ikidondoka, wapambe wanaokota. Ndiyo maana mwanamuziki akinipa kitambaa cha shati, mfuko wa kifuani namkatia mpana, bila kuniagiza.