Pima kitabu cha poka kabla hujakilipia

Ukikutana na kitabu cha mbinu za poka kwenye meza za vitabu vya mtumba pale Posta, au ukitumiwa nakala yake kwenye simu, acha jalada na sifa za mwandishi. Fungua penye hesabu. Huko jibu ni moja tu, na anayekosea huko asiaminiwe kwenye mambo magumu zaidi.

Tafuta mfano wa rangi moja (karata tano za aina moja, kama kopa tano) katika Texas Hold'em, aina ya poka ambayo kila mchezaji ana karata mbili mkononi na tano za wote hufunuliwa mezani. Una kopa mbili mkononi, na kati ya karata tatu za kwanza mezani kopa ni mbili. Kopa zote ni 13, umeona 4, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47. Kopa kutokea kwenye karata inayofuata ni 9 kwa 47, yaani asilimia 19. Kwa karata mbili zilizobaki ni asilimia 35. Sasa mezani kuna shilingi 20,000, mpinzani anaweka 10,000. Ukilipa 10,000 zinakuwa 40,000, kwa hiyo unahitaji angalau asilimia 25. Kitabu kikikwambia ulipe kwa sababu una asilimia 35, kiulize: je, mpinzani ameshaweka pesa zake zote? Kama bado anazo, anaweza kuweka dau tena kabla ya karata ya mwisho, na hesabu yako ya sasa ni ile ya asilimia 19, labda uwe na hakika ya kumvuna zaidi kopa ikitoka. Kosa hili linaweza kumaliza pesa za anayeanza.

Kisha mwandishi. Orodha za mapato ya mashindano huonyesha zawadi, si viingilio. Mtu aliyeshinda dola 300,000 katika mashindano 100 ya kiingilio cha dola 3,000 hajapata hata senti, na nauli bado. Tafuta faida halisi, na idadi ya mikono aliyocheza, yaani raundi za kugawa karata. Katika mchezo usio na ukomo wa dau, matokeo ya mikono 100 hupanda na kushuka kwa blaindi kubwa kama 90 (blaindi kubwa ni dau la lazima linalowekwa kabla karata hazijagawiwa). Hata baada ya mikono 10,000, wastani wake kwa kila mikono 100 unaweza kukosea kwa blaindi 9 juu au chini, wakati mchezaji mzuri huenda anapata 5 tu. Ndiyo maana mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walipoipambanisha Libratus, programu yao ya kucheza poka, na wachezaji wanne wa kulipwa, ilichezwa mikono 120,000. Mwandishi anayeringia kombe moja hajathibitisha kitu.

Angalia pia mwaka na aina ya mchezo. Ushauri wa dau lenye ukomo hauhamishiki kwenye dau lisilo na ukomo. Kitabu cha zamani bado kinafaa kwa misingi, lakini ushauri wake wa ukubwa wa dau uulinganishe na programu za sasa za kukokotoa mikakati. Kila ushauri useme mchezaji ana pesa za blaindi kubwa ngapi mbele yake: A na 10 ukiwa na pesa za blaindi 10 huchezwa tofauti kabisa na ukiwa na za 100. Kisiposema, kirudishe mezani.

Na mwandishi akikuelekeza kwenye tovuti fulani ya kuchezea, jiulize analipwa na nani, halafu hakiki leseni ya tovuti hiyo kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.