Vifaa vya jiko vya daraja la juu hapa Dar: namna ya kununua bila kuumia mfukoni

Simu nyingi ninazopokea, mteja huwa tayari yuko dukani, ameshika mlango wa friji. "Fundi, hili linafaa? Wananipunguzia laki tatu." Namuuliza mlango wa jikoni kwake una upana gani, na maji anayotumia ni ya DAWASA au ya kisima. Kimya. Huu ni mwaka wa 14 nafunga makabati na vifaa vya jiko, kuanzia nyumba za Goba hadi maghorofa ya Upanga. Hela nilizoona zikipotea kwa sababu kifaa na nyumba havikuendana ni nyingi kuliko zilizopotea kwa sababu ya bei ya duka. Kwa hiyo tunaanzia nyumbani. Habari ya punguzo itakuja baadaye.

Hatua ya 1: Pima nyumba kwanza

Chukua futi ya kupimia, upite njia yote ambayo kifaa kitapita: geti, mlango wa mbele, korido, kona ya ngazi, mlango wa jikoni. Friji kubwa la milango miwili ya kufunguka ubavu kwa ubavu huwa na upana wa sentimita 91 hivi. Mlango wa jikoni wa nyumba nyingi ninazoingia ni sentimita 80. Baadhi ya mafriji hukubali kung'olewa milango ili yapite kwa kina chake, mengine hayakubali, na hilo unalijua kwa kuuliza kabla ya kulipa. Sehemu ya kuliweka pia iwe na nafasi ya hewa nyuma na juu. Friji lililobanwa na kabati pande zote linafanya kazi usiku na mchana bila kupoza vizuri.

Halafu umeme. Jiko la induksheni (la umeme, linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku) la plati nne mara nyingi huandikwa wati 7,200 au zaidi. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 31 na kidogo. Soketi ya kawaida ya ukutani mwisho wake ni ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Jiko hilo linahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye kiboksi cha breka, na kazi hiyo aifanye fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Gharama ya waya, breka na kuchimba ukuta iweke kwenye bei ya jiko tangu siku ya kwanza.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi. Mashine nyingi za kuosha vyombo zinataka msukumo wa maji wa angalau ba 0.5 (ba ni kipimo cha msukumo). Kila mita moja ya urefu kutoka usawa wa maji kwenye simtanki hadi kwenye mashine inakupa ba 0.1, kwa hiyo unahitaji mita 5. Simtanki iliyokaa juu ya mnara wa mita 3 haifikishi, na utahitaji pampu ndogo ya kusukuma. Na kama unatumia kisima, onja maji yenyewe. Ile sehemu ya chumvi ndani ya mashine inalainisha maji magumu yenye chokaa. Haiondoi ladha ya chumvi iliyomo kwenye maji ya visima vingi vya huku kwetu. Maji ya namna hiyo yanaacha madoa kwenye glasi na yanakula chuma taratibu. Nimewahi kumshauri mama mmoja wa Mbezi Beach aache kabisa kununua mashine ya kuosha vyombo mpaka aunganishiwe maji ya DAWASA. Duka lilikosa mauzo, lakini yeye alibaki na hela yake.

Hatua ya 2: Amua pesa nyingi iende wapi

Kwa maoni yangu friji ndilo la kwanza, kwa sababu halizimwi. La pili ni jiko lenyewe. Hapo weka pesa ya maana. Maikrowevu ya laki mbili na ya milioni moja zinapasha wali ule ule. Oveni ya sentimita 90 inapendeza sana machoni, ila kama hupiki kwa ajili ya shughuli, ya sentimita 60 inapata moto haraka na inakula umeme kidogo.

Vifaa vya kupachika ndani ya kabati karibu kila mara ni ghali kuliko vya kusimama peke yake vyenye uwezo ule ule. Unalipia mwonekano, kisha unamlipa seremala. Ukipenda mwonekano huo, chagua kifaa kimoja tu cha kupachika, kile kinachoonekana ukiwa sebuleni.

Jua pia nani ni ndugu wa nani. Bosch, Siemens, Neff na Gaggenau zote ziko chini ya kampuni moja ya Ujerumani, BSH. Gorenje ni ya Hisense tangu mwaka 2018. Kenwood ni ya De'Longhi. Sisemi vifaa vyao ni sawa kila kitu, lakini mara nyingi nimefungua oveni mbili za majina tofauti nikakuta ndani zinafanana, na tofauti iko kwenye kitasa na kioo. Linganisha ukubwa, wati na kazi zake, kisha jiulize hilo jina linaongeza kiasi gani.

Jambo moja kwa wanaotamani induksheni: sufuria zetu za alumini hazifanyi kazi juu yake. Beba sumaku. Ikinasa chini ya sufuria, inafaa, isiponasa, utanunua nyingine. Familia yenye seti nzima ya sufuria za alumini inunue jiko la gesi, au iweke bei ya sufuria mpya kwenye hesabu.

Sumaku hiyo ina kazi nyingine. Ukiwa Masaki, Kigamboni au popote upepo wa bahari unapofika, chuma cha pua cha daraja la 304 kinavumilia chumvi kuliko cha daraja la 430. Kwa kawaida sumaku inanasa vizuri kwenye 430, na kwenye 304 haishiki au inashika kwa udhaifu. Si kipimo cha maabara, lakini muuzaji akikuambia bati la nje la jiko ni 304 na sumaku imeng'ang'ania, una swali la kumuuliza.

Hatua ya 3: Soma kibandiko cha nyuma

Hapa nakuomba uwe na subira, maana hapa ndipo pesa inapookolewa kweli. Kila kifaa cha maana kina kibandiko cha taarifa: nyuma ya friji au ndani ubavuni, kwenye fremu ya mlango wa oveni, chini ya jiko. Mwombe muuzaji akuoneshe. Akikuletea maneno, piga magoti usome mwenyewe.

Anza na volti na hetsi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Tanzania tunatumia volti 230 na hetsi 50. Vifaa vya soko la Marekani ni volti 120 na hetsi 60. Kila mwaka kuna mtu analetewa na ndugu yake mashine nzuri ya KitchenAid ya kukandia unga kutoka kule, anaichomeka, na inaungua siku hiyo hiyo. Transfoma inarekebisha volti, haibadilishi hetsi. Mwambie ndugu yako atafute toleo la volti 220 hadi 240. Vifaa vya Dubai kwa kawaida vinaendana na vyetu, hata plagi, kwa sababu Falme za Kiarabu nao wanatumia volti 230 na hetsi 50. Lakini Saudi Arabia ni hetsi 60, kwa hiyo neno "mzigo wa Uarabuni" lisikutoshe. Soma.

Kwenye friji tafuta herufi za hali ya hewa: SN, N, ST au T. N imetengenezwa kwa chumba cha nyuzi 16 hadi 32, ST inafika 38, T inafika 43. Jikoni kwetu mwezi wa Februari, jiko likiwaka na dirisha limefungwa kuzuia vumbi, 32 inapitwa mapema. Nimeitwa nyumba moja Mikocheni kwa friji la mtumba kutoka Ulaya, zuri, safi, la jina kubwa, ambalo halikuwa likizima hata dakika moja na maziwa yalikuwa yakiharibika. Halikuwa bovu. Lilikuwa SN, la watu wa baridi. Mwenye nyumba alishabadilishiwa gesi na mafundi mara mbili, na kila mara alilipa. Tafuta T, au yale yaliyoandikwa SN-T, yanayobeba madaraja yote.

Lebo ya umeme ya Ulaya ilibadilishwa tarehe 1 Machi 2021. Kwa mafriji na mashine za kuosha vyombo, alama za A+, A++ na A+++ zilifutwa, ikarudi A mpaka G. Kwa hiyo friji lenye lebo ya Ulaya ya A+++ huenda limekaa stoo muda mrefu, na hiyo ni sababu nzuri ya kuomba bei ishuke. Nalo lenye E mpya huenda lisiwe baya hata kidogo. Acha herufi, tazama uniti (kWh) kwa mwaka. Ukiwa nje ya lile daraja la watumiaji wadogo, uniti ya LUKU ni kama shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Friji la uniti 400 kwa mwaka likilinganishwa na la uniti 250, tofauti ni uniti 150, yaani shilingi 53,400 kila mwaka. Kwa miaka 10 ni zaidi ya laki tano. Kwa joto letu, tarajia matumizi yazidi yaliyoandikwa, kwa yote mawili.

Jiko la gesi: limetengenezwa kwa gesi ya mtungi au gesi asilia? Majiko ya mtumba kutoka Uingereza mengi yametoka kwenye gesi asilia ya bomba. Matundu ya jeti zake, yaani vile vipande vinavyotolea gesi, ni makubwa, na ukiunga mtungi moto unakuwa mrefu, wa njano, na masizi yanajaa chini ya sufuria. Dawa ni seti ya jeti za gesi ya mtungi za modeli hiyo hiyo. Hakikisha zipo kwenye boksi, au bei yake imo kwenye makubaliano. Usikubali fundi azibe tundu na kulitoboa upya kwa sindano.

Waranti isome kama mkataba. "Miaka 10" iliyobandikwa mlangoni mwa friji mara nyingi ni ya kompresa tu. Bodi ya umeme, feni na fundi wa kuja nyumbani vinaweza kuwa na mwaka mmoja. Uliza pia vipuri viko Dar au vinaagizwa.

Hatua ya 4: Wapi, na lini

Maduka ya mawakala, pale Mlimani City na katikati ya mji, yanakupa waranti ya kueleweka. Kariakoo inakupa bei. Ukienda Kariakoo, ingia dukani mwenyewe. Winga anayekupokea mtaani anaweka cha juu chake, na kwenye kifaa cha milioni nne cha juu hicho si kidogo.

Maonyesho ya Sabasaba, mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai kule Kilwa Road, ni wakati mzuri. Nenda siku za mwisho, watu wanapofikiria gharama ya kurudisha mzigo stoo. Miezi hiyo hiyo wageni wengi wa Masaki na Oysterbay wanahama na kuuza vitu vyao. Vizuri vipo, ila muulize muuzaji kama kiliingia nchini kwa msamaha wa kodi wa kibalozi. Kama ndivyo, ushuru unaweza kudaiwa kinapokwenda kwa mtu asiye na msamaha.

Kuagiza mwenyewe? Fanya hesabu. Tuseme bei ya kifaa, nauli na bima mpaka bandarini ni milioni 4, na ushuru wa forodha ni asilimia 25. Hapo ni milioni 5. VAT ya asilimia 18 juu yake ni laki 9. Umefika milioni 5.9, bado tozo ndogo ndogo, wakala na usafiri, na bidhaa nyingine ziko kwenye daraja la asilimia 35. Huna fundi wa waranti. Kwa kifaa kimoja, mara nyingi haifai. Kwa jiko zima la nyumba mpya, linganisha.

Hatua ya 5: Mazungumzo

Usiulize "bei ya mwisho ngapi" ukiwa na kifaa kimoja. Nenda na orodha. Mimi husema hivi: "Kaka, nachukua friji, jiko na feni ya moshi kwako, leo, kwa malipo ya benki. Nipe bei ya vitatu kwa pamoja." Bei ikigoma, hamia kwenye vingine: usafiri hadi ghorofani, kufungiwa, friji gadi (kifaa cha kulinda friji na umeme unaopanda na kushuka), seti ya jeti. Vifaa vya maonyesho ya dukani pia vinauzwa kwa bei ya chini. Mkwaruzo ubavuni utakaofichwa na kabati haukudhuru, ila waranti iandikwe kamili.

Ofa ya "bila risiti" ikatae, hata ikishusha bei. Bila risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) huna waranti wala pa kushtakia.

Hatua ya 6: Siku ya mzigo

Friji lisafiri limesimama. Likilazwa kwenye kirikuu, liache limesimama saa kadhaa kabla ya kuliwasha, oili irudi kwenye kompresa. Lipitishe kwenye friji gadi, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndipo bodi za umeme zinapoungua. Fungua boksi dereva akiwepo, linganisha namba ya kifaa na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya waranti, kisha uwashe. Na risiti ya EFD ipige picha siku hiyo hiyo, maana karatasi yake inafifia kwa joto, na baada ya miezi michache kwenye droo ya jikoni haisomeki tena.