Ekzosi mpya na giaboksi: itesti hivi kabla hujapanda Mlima Nyoka, Mbeya

Wakuu mliounda gari wenyewe, msikimbilie barabarani. Washa injini ikiwa ya baridi, nje sio ndani ya gereji maana moshi unaua, ziba bomba la nyuma kidogo na tambara nene alafu sikiliza kwenye maungio, ukisikia tss tss gasketi, ile ya kuziba maungio, haijakaa. Ikipata moto zima, ipoe, kaza nati za ekzosi tena, hapa wengi wanapuuza.

Giaboksi cheki oili kwanza, na asubuhi ya Uyole na baridi ile gia zitakuwa ngumu, usiilaumu mpaka ipate moto. Zunguka taratibu tambarare, ndo upande mlima na gia ya tatu: injini ikipiga kelele spidi haipandi, klachi inateleza, rudi.