Mziki wa podikasti: ulipie leseni au utengeneze na AI?

Watu wengi wanaanza na swali la ipi inasikika vizuri, mi nasema anza na hili: siku mtu akija kudai huo mziki ni wake, utamwonyesha nini? Podikasti inaweza kukaa mwaka mzima bila shida yoyote, halafu ukishapata mdhamini tu ndo madai yanaingia.

Tuanze na leseni. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi yenyewe, na mara nyingi wenye haki hizo ni watu tofauti, kwa hiyo msanii akikujibu inbox "poa tumia tu" haitoshi kama rekodi iko chini ya lebo. Na ile stori kwamba ukipiga chini ya sekunde 30 uko salama isahau kabisa, hakuna sheria hiyo. Ndo maana wengi wanaenda kwenye maktaba za mziki kama Epidemic Sound au Artlist, unalipia kwa mwezi au mwaka na haki zote zinakuja pamoja. Ila usilipe kabla hujasoma: je, kifurushi chako kinataja podikasti au ni video tu? Kinaruhusu matangazo? Na ukiacha kulipia inakuwaje, maana kawaida vipindi ulivyotoa wakati unalipia vinabaki halali lakini vipya hapana. Mziki wa Creative Commons nao upo, yaani wenye leseni ambazo mtunzi anaruhusu kazi yake itumike kwa masharti, tena wa bure, ila angalia herufi za leseni: BY unataja jina la mtunzi kwenye maelezo ya kipindi, NC hakuna biashara, na mimi podikasti yenye tangazo naihesabu ni biashara.

Sasa AI. Kwenye Suno, huduma ya kutengeneza mziki kwa AI, mziki uliotengeneza kwa akaunti ya bure si wa biashara, na kulipia baadae hakuusafishi ule wa zamani, so kama una mpango wa kuingiza hela lipia kwanza ndo utengeneze. Halafu hizi huduma zinabadilika ghafla. Juni 2024 kampuni kubwa za mziki Universal, Sony na Warner walizishtaki Suno na mwenzake Udio kwa kutumia rekodi zao kufundishia mashine, ikafika Oktoba 2025 Universal na Udio wakapatana, na Udio wakafunga watu kudaunlodi nyimbo walizotengeneza humo. Fikiria intro yako ilikuwa humo na hujawahi kuishusha. Kwa hiyo ukiipenda tu, shusha WAV, faili la sauti lisilobanwa, papo hapo.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakitangazi sana: Marekani, ofisi ya hakimiliki ilisema Januari 2025 kwamba kuiandikia AI maelekezo peke yake hakukufanyi uwe mtunzi. Maana yake mtu akiibeba intro yako ya AI akaiweka kwenye podikasti yake, unaweza usiwe na pa kumshikia. Lakini tuwe wakweli, mziki wa maktaba nao si wako peke yako, podikasti nyingine inaweza kuamka kesho na intro hiyohiyo.

Kwa hiyo mimi nagawa hivi. Intro, ile sauti ambayo msikilizaji akiisikia anajua ni wewe, mpe mtunzi akutengenezee sekunde 15 na muandikiane mkataba hata wa ukurasa mmoja, unaosema haki zote mbili zinakuwa zako na unatumia popote. Hela hiyo haipotei. Kama huna, chukua ya maktaba. Ile mziki ya chini ya maneno na vile vipande vya kuhamia mada nyingine, hapo AI inafaa kabisa, ila omba ala tupu bila vokali na usitaje jina la msanii yeyote kwenye maelekezo. Sikiliza hadi mwisho kabla hujaichukua, maana AI inapenda kubadilisha midundo katikati bila sababu na matoazi yake saa nyingine yana mkwaruzo flani, kwenye spika ya simu husikii ila kwenye hedifoni unakera. Ukiediti, mziki ukae kama dB 18 hadi 20 chini ya sauti yako, na kipindi kizima kiwe karibu -16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kwa ujumla, kama Apple wanavyoshauri.

Kila mziki uwe na folda yake: faili, risiti, skrinshoti ya masharti ya siku uliyochukua, na kama ni AI, maelekezo uliyoandika. Ukiweka kipindi YouTube, sajili kwanza chaneli yako kule maktaba, la sivyo Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua mziki wa watu, inaweza kukudai hata kama umelipa. Na kipindi kiapulodi kikiwa praiveti, subiri ukaguzi wao umalize, dai likitokea unapinga kwa risiti kabla mtu yeyote hajakiona.