Namba hasi kwa vizibo vya soda

Kabla hujafundisha chochote, andika ubaoni −3 − 4, kisha waache watoto wajibu kila mmoja kwenye daftari lake, kimya kimya. Zunguka usome. Kama darasa lilishapitishwa kwenye mada hii, utakuta 7 zimejaa, 1 na −1 za hapa na pale, na −7 za kutafuta. Muulize aliyeandika 7 ameipataje. Atasimama na kukujibu kwa kujiamini kabisa: "Madam, hasi na hasi ni chanya."

Kanuni hiyo ni ya kuzidisha na kugawanya. Mtoto kapewa mapema mno, akaifanya dawa ya kila ugonjwa. Mimi nafundisha hisabati darasa la sita na la saba, shule ya pembezoni mwa jiji la Dodoma, na msimamo wangu siuyumbishi: sentensi hiyo haitamkwi darasani kwangu mpaka tufike kwenye kuzidisha. Mwanafunzi anayekuja nayo kutoka tuisheni namwomba aiweke akiba, ataihitaji baadaye.

Tuanze na mpangilio wa namba, maana hapo ndipo wengi wanateleza bila mwalimu kujua. Vitabu hupenda kuanza na kipimajoto. Mimi nakiruka. Dodoma baridi yetu ni ya Juni na Julai, ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne, na mtoto hajawahi kuishi hata siku moja chini ya nyuzi sifuri. Kitu anachokifahamu ni kisima. Kiangazi kikikolea, korongo likabaki mchanga mtupu, watu wanachimba humo humo kutafuta maji, na kadiri siku zinavyosonga ndivyo maji yanavyozidi kushuka. Chora ubaoni mstari wima. Usawa wa ardhi uite sifuri. Mti juu ya kisima, ule wa kufungia kamba, uko 1 au 2. Maji ya Agosti yako −3. Maji ya Novemba yako −8.

Sasa uliza: kati ya −3 na −8, ipi ndogo? Nusu ya darasa itasema −3, kwa sababu 3 ni ndogo kuliko 8. Usiwacheke. Wanaongea jambo la kweli, yaani umbali kutoka sifuri, na kwa umbali 8 kweli inaizidi 3. Waambie hivyo waziwazi, halafu waulize swali la pili: ndoo ipi iko chini zaidi? Iliyo chini zaidi ndiyo namba ndogo. Mstari wima unamaliza ubishi huu mapema kuliko mstari uliolala, kwa hiyo ulaze baadaye, wakishazoea: chini inakuwa kushoto, juu inakuwa kulia. Wape wapange −5, 2, 0, −9 na 4 kuanzia ndogo. Ukiona mtu ameanza na 0, bado hajashuka kisimani, mrudishe kwenye mchoro.

Jambo dogo lakini usiliache: usomaji. −3 isomwe "hasi tatu". Neno "toa" libaki kwa ajili ya tendo la kutoa. Kwa hiyo 5 − (−3) ni "tano toa hasi tatu". Mwalimu akichanganya mdomoni, darasa litachanganya kwenye daftari, na mabano yale watayaona ni mapambo.

Baada ya hapo nakuja kwenye vizibo. Tangaza wiki moja kabla kwamba kila mtoto alete vizibo vya chuma vya soda, na utapata zaidi ya unavyohitaji, kwani huku havikosekani chini ya meza ya duka lolote. Vioshe kwa maji na sabuni. Vingine vinatoka baa, vinanuka bia, na kuna mzazi atakuja kukuuliza. Gawa vizibo ishirini kwa kila watoto wanne. Darasa langu linakaribia watoto themanini, na ndiyo maana siwatoi nje kutembea kwenye mstari uliochorwa mchangani: mmoja anatembea, waliobaki wanarushiana mchanga. Kwa vizibo kila mkono una kazi.

Uzuri ni kwamba hawahitaji maelezo marefu. Watoto wamekulia wakitazama kaka zao wakicheza drafti chini ya mti, na pale vizibo ni vile vile, upande mmoja unavifunika, mwingine unaviweka wazi. Basi sisi tunasema: kizibo kilicho wazi ni chanya moja, kilichofunikwa ni hasi moja. Kimoja cha wazi na kimoja cha kufunikwa vikikutana, vinakulana na vyote vinatoka mezani. Wawili hao tunawaita jozi ya sifuri. Jina hilo walikariri, ndilo pekee ninalolidai.

Kwa kujumlisha natumia mpira. Timu imefunga magoli 2, imefungwa 5. Weka vizibo 2 wazi, 5 vya kufunikwa. Jozi mbili zinatoka, vinabaki 3 vya kufunikwa: tofauti ya magoli ni −3, kama inavyoandikwa kwenye msimamo wa Ligi Kuu. Wavulana wa benchi la nyuma, wale ambao hisabati huwa wanaisikiliza kwa sikio moja, hapo wanaamka na kuanza kukutajia tofauti ya magoli ya Dodoma Jiji. Waache dakika mbili, halafu endelea: 4 + (−6), kisha (−3) + (−4). Hii ya pili ifanye taratibu. Vitatu vya kufunikwa, vinne vya kufunikwa. Kuna anayeliwa? Hakuna. Vingapi mezani? Saba, vyote vimefunikwa. Hasi na hasi zimekutana, na chanya haijaonekana popote.

Kutoa ndiko kuliko na kazi, na hapa usibanwe na kengele. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi. Tenga viwili au vitatu.

Kutoa ni kuondoa mezani, basi. Anza na swali lisilo na mtego: −5 − (−2). Weka vitano vya kufunikwa. Ondoa viwili vya kufunikwa. Vimebaki vitatu, jibu ni −3. Mtoto wa darasa la tatu angeliweza. Fanya matatu manne ya namna hii mpaka waone unawadharau.

Kisha andika 3 − (−2). Wanaweka vitatu wazi. "Ondoeni viwili vya kufunikwa." Kimya. Halafu: "Madam, havipo." Nyamaza kidogo. Usiwaokoe. Mmoja atavipindua viwili kati ya vile vitatu, na mwenzake atamkatalia kwamba umeshabadilisha namba. Ubishi huo ni wa thamani. Ukitulia, uliza: naweza kuongeza nini hapa mezani bila kubadilisha thamani ya kilichopo? Mara nyingi ni mtoto asiyenyoosha mkono kila siku ndiye anayeipata: jozi za sifuri. Ongeza jozi mbili. Mezani sasa kuna vitano wazi na viwili vya kufunikwa, na thamani bado ni 3. Wahesabu wenyewe wahakikishe. Ondoa viwili vya kufunikwa. Vimebaki vitano wazi. 3 − (−2) = 5, na hakuna aliyekariri chochote.

Wafanye 4 − (−1), 0 − (−3), −2 − (−6). Hili la mwisho ni zuri: viwili vya kufunikwa, vinahitajika sita, kwa hiyo zinaongezwa jozi nne, vikiondolewa sita vinabaki vinne wazi. Halafu ndiyo uwape −3 − 4. Vitatu vya kufunikwa, tunatakiwa kuondoa vinne vya wazi, havipo, jozi nne zinaingia, vinne vya wazi vinatoka, vinabaki saba vya kufunikwa. Wale waliokuwa na 7 kwenye daftari watafuta wenyewe.

Kila jibu waliandike kwenye safu mbili: kushoto swali la kutoa, kulia swali la kujumlisha lenye jibu lile lile. 3 − (−2) mkabala na 3 + 2. −3 − 4 mkabala na −3 + (−4). Safu ikifika mistari sita au saba, wanaanza kusema wenyewe kwamba kutoa namba ni kujumlisha kinyume chake. Iandike kwa maneno yao, hata kama Kiswahili chake si cha kitabuni. Kuanzia siku hiyo vizibo vinarudi kwenye ndoo, na anayekwama anaruhusiwa kuchota. Wakati wa mtihani hakuna vizibo, kwa hiyo wafundishe kuchora duara tupu na duara lililopakwa wino pembeni mwa karatasi.

Nina ugomvi mmoja na MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa), si na kanuni yenyewe bali na tunavyoiimba. Mpe mtoto 5 − 8 + 2. Kwa kuwa JU imetangulia TO, anajumlisha kwanza 8 na 2, anapata 10, anamaliza na 5 − 10 = −5. Kosa. Kujumlisha na kutoa ni daraja moja, unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia: 5 − 8 ni −3, ongeza 2 ni −1. Kugawanya na kuzidisha ni vile vile, havipitani cheo. Zamani kosa hili lilijificha, maana maswali mengi ya madarasa ya chini hayakushuka chini ya sifuri. Namba hasi zinaliibua. Tiba ni kuandika swali upya lote kwa kujumlisha: 5 + (−8) + 2. Sasa hata akianza kokote, jibu ni −1.

Kuzidisha kunakwenda haraka ukiwa umepita huku. 3 × (−2) ni mafungu matatu ya vizibo viwili vya kufunikwa, −6. Geuza mpangilio, (−2) × 3 ni −6 vile vile. Kwa hasi mara hasi, vizibo vinachosha, tumia ubao. Andika ukishuka:

3 × (−2) = −6
2 × (−2) = −4
1 × (−2) = −2
0 × (−2) = 0

Uliza majibu yanafanya nini kila mstari. Yanaongezeka mbili mbili. Basi mstari unaofuata, (−1) × (−2), uwe na jibu gani ili mwendo usikatike? Na (−2) × (−2)? Asiyeridhika mpe daftari la madeni la dukani: Mangi akikufutia madeni matatu ya shilingi 2,000, umeondolewa hasi 2,000 mara tatu, na hali yako imepanda kwa shilingi 6,000. Kugawanya ni kurudi nyuma tu: −12 ÷ (−3) ni 4 kwa kuwa 4 × (−3) ni −12. Hapo sasa ile sentensi ya tuisheni itoke akiba, ila itoke na mkia wake: ukizidisha au ukigawanya.

Kwa mtoto anayelia kwamba haelewi, mimi humsimulia kidogo. Wachina wa kale walihesabu kwa vijiti, vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi. Mwaka 628 Mhindi Brahmagupta aliandika kanuni za namba hizi akizieleza kwa mali na deni. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1758, Mwingereza Francis Maseres, msomi wa hisabati, alikuwa bado anaandika kuzilalamikia namba hasi kwenye aljebra. Ukikwama Jumanne, Jumatano uje tena.

Swali ninalopenda kufungia mada ni hili. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya usawa huo huo, na kina chake kikubwa ni kama mita 1,470. Sakafu ya ziwa iko wapi? 773 − 1,470 ni −697. Darasa litakataa: ziwa liko bara, huko Kigoma, litakuwaje chini ya bahari? Hapo ndipo unapowaeleza Bonde la Ufa, ardhi ilivyopasuka na kudidimia. Kisha waulize tofauti ya kimo kati ya Dodoma na sakafu hiyo: 1,120 − (−697), ambayo ni 1,817. Wachore mstari wima kwenye daftari, sentimita moja kwa kila mita 200, sifuri iwe bahari. Dodoma itakaa sentimita 5.6 juu ya sifuri, uso wa ziwa karibu 3.9, sakafu karibu 3.5 chini ya sifuri. Ukurasa mmoja unatosha, na nafasi inabaki ya wewe kusahihishia.