Somo: Kupiga Picha za Machweo Mombasa

Hatua ya kwanza ni kujua jua linatua wapi. Wengi huenda ufuoni Nyali au Bamburi jioni wakitarajia kuliona likizama baharini, kisha hurudi wamevunjika moyo, kwa kuwa pwani yetu inaelekea mashariki na pale ni mahali pa mawio. Machweo yafuateni kwenye hori, yaani mikono ya bahari inayoingia bara. Simameni Tudor, maji yakiwa mbele na bara ng'ambo, au vukeni hadi Mkomani muutazame Mji wa Kale, ambako minara ya misikiti hugeuka vivuli vyeusi mbele ya wekundu wa mbingu. Juni jua huelemea kaskazini na Desemba kusini, kwa hivyo picha uliyoikosa mwezi huu huenda ikakulazimu kuingoja miezi kadhaa.

Hatua ya pili ni kufika mapema na kuchelewa kuondoka. Jua hutua kati ya saa 12:10 na 12:43 hivi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta hushuka karibu wima, giza likifuata upesi. Hapa ndipo watu hupoteza picha nzuri kuliko zote: jua likizama tu, wanafunga mikoba. Rangi hukolea dakika 10 hadi 15 baadaye, miale inapoyapiga mawingu kutoka chini, hasa yale mepesi ya juu yaliyochambuka kama pamba. Wingu zito likitanda magharibi, kaa tu upunge upepo.

Hatua ya tatu ni mwangaza. Kwenye simu, gusa anga kando ya jua, shikilia kidole mpaka alama ya kufuli itokee, kisha kiteleze chini polepole hadi wekundu urudi na nyumba za ng'ambo ziwe nyeusi kabisa. Wenye kamera waanze na ISO 100 (kiwango cha kuhisi mwanga) na f/8 (upana wa tundu la lenzi), na wasilitazame jua kamwe kupitia kitundu cha kutazamia cha kamera yenye lenzi ndefu.

Ndege nao wana saa yao. Siku za bamvua, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa yapata saa 10 alasiri, hivyo kufikia machweo maji yanapwa, tope la mikokoni linang'aa, na yangeyange wanashuka kutafuta chakula. Kaa chini, usiwasogelee. Akinyoosha shingo na kuacha kula, umeshamsumbua. Wakiruka, shata (kasi ya kufunguka na kufunga kwa kamera) iwe sekunde 1/1000. Mimi napenda dakika hizi za kungoja kuliko picha zenyewe.

Maswali ya wanachama

*Naweza kupiga picha nikiwa kwenye feri ya Likoni?*
Hapana, ndugu yangu. Kivuko ni eneo la usalama, na vivyo hivyo bandari. Elekeza kamera kwingine.

*Lenzi yangu ina ukungu wa chumvi. Niifute kwa shati?*
Usifanye hivyo. Puliza mchanga kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha futa kwa kitambaa laini kilichotiwa unyevu kidogo. Punje moja ya mchanga ikiburutwa huacha mkwaruzo usiotoka.

*Shikamoo mwalimu. Rangi zinapokolea ndipo adhana ya Magharibi inapotoka. Nifanyeje?*
Marahaba, mwanangu. Nenda ukaswali kwanza. Chagua msikiti ulio karibu na maji, na ukitoka mara nyingi utaikuta shafaki, ule wekundu wa baada ya machweo, ingalipo. Siku usiyotaka haraka, geuza ratiba: baada ya swala ya alfajiri kuna muda wa kutosha kufika ufuoni Nyali, ukatandika mkeka mchangani, kabla jua halijachomoza baharini.