Siku moja kwenye mfereji wa Kennet na Avon: somo la boti nyembamba

Wakuu, kila kiangazi kikikaribia naulizwa yaleyale kuhusu kuendesha boti nyembamba za mifereji ya Uingereza, kwa hiyo naweka somo hapa mara moja. Mfano wangu ni kipande cha kutoka chini ya loki (chumba cha kupandisha na kushusha boti) ya Bradford on Avon kuelekea Bath. Hakina loki mpaka ufike Bath kwenyewe, na njiani utauvuka mto Avon mara mbili ukiwa juu ya madaraja ya mawe yanayobeba maji, Avoncliff na Dundas, kazi ya mhandisi John Rennie.

1. Leseni ya nahodha haihitajiki. Mwenye boti atakuelekeza kabla hujaondoka, msikilize.

2. Watoto wavae majaketi ya kujiokolea.

3. Ukitaka omo (mbele ya boti) iende kushoto, sukuma kana (mkono wa usukani) kulia. Breki hakuna, utasimama kwa kurudisha injini nyuma, tena mapema. Na gia ikiwa huru usukani haukutii, kwa sababu unategemea maji yanayosukumwa na pangaboi.

4. Pita upande wa kulia. Mwisho ni maili 4 kwa saa, kama kilomita 6. Ukifika penye boti zilizofungwa, tambaa. Wimbi lako linang'oa vigingi vya watu.

5. Loki, kwa watakaoendelea mbele. Hapa tulieni. Loki ni chumba cha maji chenye milango mbele na nyuma. Chini ya milango ya juu kuna kizingiti cha zege au mawe, na chumba kikijaa hukioni. Unaposhuka, maji yanapungua na kizingiti kinajitokeza nyuma yako. Tezi (nyuma ya boti) ikikalia hapo, omo inazidi kushuka, maji yanaingia mbele na boti inazama ndani ya dakika chache. Nimeiona boti imeinama hivyo, mama mmoja ameshikilia mlango wa jikoni huku sahani zinamporomokea miguuni. Kwa hiyo: kaa mbele ya mstari mweupe uliochorwa ukingoni. Kamba ishike mkononi, USIIFUNGE. Anayefungulia maji asiondoe macho kwenye boti. Ikikwama, funga vilango vya chini (vile vidogo vya kupitishia maji) papo hapo, kisha jaza chumba polepole kutoka juu.

6. Ukitoka, funga kila ulichofungua.

Swali: Mkuu, nikikodi asubuhi Bath nitafika London jioni?
Jibu: Soma namba 4, kisha angalia ramani.

Swali: Loki lazima? Mbona unatutisha?
Jibu: Simtishi mtu. Nimechagua kipande kisicho na loki na nimesema hivyo mwanzoni kabisa. Anayetaka loki azijue.

Swali: Samahani kaka, kwa nini boti hizi ni nyembamba hivyo wakati mfereji huo ni mpana?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Upana wake, mita 2.1 hivi, unatokana na mifereji mingine. Mhandisi James Brindley alipopanga mfereji wa Trent na Mersey, uliokamilika 1777, loki zake nyingi zilikuwa na upana wa futi 7 tu. Loki finyu ni nafuu kujenga na haili maji mengi. Boti ikabidi zifuate kipimo hicho ili zipite kokote. Kennet na Avon ina loki pana, mbili zinaingia sambamba. Ukimwona mwenzio anakuja, msubiri muingie pamoja, mtaokoa maji ya chumba kizima.

Swali: Boti imepoteza nguvu ghafla, moshi mwingi. Injini imekufa?
Jibu: Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au kamba kwenye pangaboi. Zima injini na UCHOMOE UFUNGUO kabla ya kufungua kifuniko cha nyuma, kilicho juu ya pangaboi, na kuingiza mkono. Ukimaliza, kikaze kifuniko sawasawa. Kikilegea maji yataingia.

Mdau: Nyongeza: ufunguo ufungeni kwenye boya dogo linaloelea. Na bebeni sumaku yenye kamba, ule mkono wa chuma wa kufungulia loki hudumbukia sana.
Jibu: Kweli kabisa. Ya sumaku naiongeza kwenye somo.